Kijana wa Chereko Alikuwa Anaangalia Nini

Nchi yetu ipo, ila msiniulize iko wapi. Ukifika mpakani utakuta bango limeandikwa "Karibu, Usiogope", na sisi wenyeji tunalitii. Hofu ilipigwa marufuku zamani, kwa tamko lililosomwa redioni mara tu baada ya matangazo ya vifo. Tangu siku hiyo hakuna anayeogopa. Mtu akitetemeka anasema ana malaria, na hospitali zetu zimejaa malaria isiyohitaji mbu.

Mimi naitwa Siwema, mke wa Mfaume, fundi baiskeli, baba wa mwanetu Semeni. Nikisimulia kwa sauti ya chini msidhani ni woga. Koo linaniuma tu.

Mambo yalianza na soda. Kiwanda cha Chereko ni mali ya umma, na msimamizi wa huo umma ni shemeji yake Mlezi Mkuu, anayetulea tangu mimi nikiwa na meno yote. Mwaka huo vijana waliacha kunywa Chereko. Hawakugoma, hasha, wangegoma wangejua walilolifanya na sisi tungejua walikozikwa. Walikaa tu vibarazani na maji yao ya bomba, wamenyamaza. Serikali ingeyavumilia maji. Kilichoitia hofu, samahani, kilichoitia malaria, ni kule kunyamaza.

Ndipo akasimama Waziri wa Vijana na Viburudisho, Mheshimiwa Makambo, ambaye mwenyewe ni kijana aliyeshika mkongojo, maana kwetu kijana ni yeyote aliyezidiwa umri na Mlezi Mkuu.

"Ndugu wananchi!" alinguruma redioni. "Kijana asiye na kiu anaficha kitu! Kiu ni uzalendo wa koo! Baba zenu walikunywa Chereko, wakacheza, wakacheka, wakazaa. Ninyi mnakunywa maji, mnafikiri. Nawauliza, kufikiri kuna faida gani mwilini? Hakuna hata vitamini moja!"

Akaunda Tume ya Kurudisha Kiu. Tume ikazama kwenye stoo ya kiwanda, ikapigana na panya, ikatoka na tangazo la zamani, lile lililotufanya sisi wa enzi zile tuinywe Chereko kama dawa ya kupenda.

Mliokuwepo mtalikumbuka. Vijana wanne, nywele wamezichambua zikawa kubwa kama ungo, suruali za pekosi zinafagia chini, miguuni viatu vya raizoni vyenye soli nene kama tofali. Msichana amekumbatia gitaa asilojua kulipiga. Nyuma yao pikipiki inang'aa, na haina injini. Chini yameandikwa maneno haya: "Ujana Wako Umo Ndani ya Chupa."

Lilituweza, jamani, sitaki kusema uongo. Soda yenyewe ilikuwa maji ya sukari yenye gesi ya kukukata pua. Tulichokuwa tunakinunua ni mahali pale pichani. Pale hapakuwa na mzazi, wala mwalimu, wala balozi wa nyumba kumi anayekuja kuuliza huyu mgeni ni nani. Hakuna aliyekuwa anatumwa dukani. Walikuwa wanacheka na hakuna aliyewauliza mnacheka nini. Mimi nikishamaliza soda yangu nilikuwa naitunza chupa, naijaza chai ya rangi iliyopoa, natumbukiza mrija, halafu napita mbele ya vijana wa mtaani taratibu, nanyonya kidogo kidogo, nimelegeza macho. Mama yangu akaniambia, "Wewe mtoto, hiyo chai itakupeleka pabaya." Ikanipeleka kwa Mfaume.

Tume ilichunguza tangazo hilo kwa vipimo na darubini, ikaandika ripoti nene ya kukalia, ikahitimisha kwamba vijana wa zamani walivutwa na meno. Basi, likachapwa upya na kubandikwa nchi nzima.

Na vijana wakaja! Mheshimiwa Makambo alishangilia mpaka mkongojo ukaanguka. Lakini baada ya siku chache wakuu wa mitaa wakaanza kuleta habari za ajabu. Vijana walikuwa wanakuja, wanasimama, hawanunui. Na hawakuwa wanamwangalia msichana wa gitaa, wala pikipiki.

Walikuwa wanamwangalia yule wa nne. Watatu pichani wameikodolea macho chupa utadhani ni mtoto mchanga. Yeye ameishika kifuani, anacheka, na wala haiangalii. Ameangalia pembeni, kushoto, nje kabisa ya picha, na macho yake yameona kitu kizuri. Vijana walimtazama yeye, halafu taratibu wakageuza shingo kuangalia huko kushoto.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Kule Mtakuja, kushoto kwa tangazo palikuwa na kituo cha polisi. Vijana wakakiangalia kituo kutwa nzima bila kusema neno. Mkuu wa kituo akakagua mlango, akakagua paa, akakagua suruali yake, mwishowe akaita wenzake akaungama habari ya kuku ambao hakuna aliyekuwa amewauliza. Kule Majengo Mapya palikuwa na ghala la mchele wa njaa, lile ambalo mtunza ghala anasema ni tupu. Alipoona macho ya watu wote yameelekea mlangoni mwake, alifungua akaanza kugawa, analia, "Chukueni, chukueni, msiniangalie!"

Mjini ndiko kulikoharibika zaidi. Kijana wa nne alikuwa anaangalia lango la nyuma la Kasri, lile ambalo malori yanaingia yamejaa na kutoka yametandikwa turubai. Ikatoka amri tangazo lihamishwe ng'ambo ya barabara. Akaiangalia Benki. Wakaligeuza juu chini. Akaiangalia Mahakama, tena kichwa chini miguu juu, na anacheka.

Hapo ndipo swali lilipotangazwa redioni asubuhi, mchana na jioni, baada ya wimbo wa taifa. Yule kijana alikuwa anaangalia nini? Mwenye kumjua amlete.

Mimi nilikuwa namjua. Alikuwa kibarazani kwangu, amelala chali chini ya baiskeli ya muuza maziwa, anakaza mnyororo.

"Siwema," akasema bila kutoka uvunguni, "umeliona tangazo?"

"Nimeliona."

"Nimekonda tangu pale."

"Baba Semeni, acha utani! Wakija utawaambia nini?"

"Nitawaambia nilikuwa siangalii kitu."

"Na wakiuliza tena?"

Akatoka chini ya baiskeli, mikono imejaa grisi, akanikazia macho. "Nitawaambia hivyo hivyo. Na wewe sikiliza. Siku ile hukuwepo. Umenisikia? Hukuwepo."

Nilikuwepo. Nawaambia ninyi, na ninyi nyamazeni. Picha ile ilipigwa juani nyuma ya kiwanda. Mpiga picha aliniokota mtaani nimsaidie kazi, maana kwa kupigwa picha alisema sura yangu haina kiu. Nilipaka chupa mafuta ya nazi na kuzirashia maji, zionekane zimetoka kwenye barafu. Soda ikishapoteza gesi kwa joto, nilikuwa natia chumvi kwenye chupa, povu linapanda upya. Halafu nikasimama kushoto na kipande cha bati jipya, nikawaakisia jua usoni. Mfaume alikuwa hajui habari za chumvi. Akapiga funda kubwa. Uso ukamkunjamana, akashindwa kumeza, akashindwa kutema, mimi nyuma ya bati nikacheka mpaka bati likatetemeka na mwanga ukacheza kwenye macho yake. Akageuka kunitazama. Akaanza kucheka na yeye, chumvi ikimtoka puani. Hapo hapo mpiga picha akabonyeza.

Basi. Hilo ndilo lililokuwa linatafutwa na vyombo vyote vya dola. Alikuwa ananiangalia mimi.

Sasa fikirini hali yangu. Serikali ilikuwa inatafuta kitu kilichoko kushoto, kilichoyatoa macho ya vijana kwenye chupa. Na kitu chenyewe nilikuwa mimi, nimekaa jikoni nachambua mchicha. Nikajikuta natupa majani na kubakiza mizizi. Nikisema, nakwenda. Nisiposema, anakwenda yeye. Niliogopa, haya nimesema, niliogopa.

Nchini kwetu watu hawakamatwi, wanaalikwa. Walikuja wawili, wapole, viatu vyao havina vumbi. "Shikamoo mama," wakasema. "Mzee tunamwalika kidogo. Achukue na koti, kule kuna baridi." Walikuwa na gari lisilo na namba, na wakamfungulia mlango kama bwana harusi. Mfaume hakugeuka kuniaga. Najua kwa nini hakugeuka. Alikuwa anaogopa kuniangalia.

Kila siku nilipeleka chakula kwenye lango la Tume. Askari alikuwa anapokea bakuli, jioni analirudisha. Na bakuli lilirudi limeoshwa. Sasa mimi nimekaa na Mfaume tangu enzi za pekosi, na mume wangu hajawahi kuosha bakuli hata siku moja. Nilikuwa nalishika lile bakuli safi njia nzima, nalia, na watu nikikutana nao nasema malaria.

Redioni Mheshimiwa Makambo alikuwa anafoka. "Mwalikwa anadai alikuwa haangalii kitu! Yaani kijana wa taifa hili ageuze macho aone hakuna kitu? Na maendeleo yote haya? Hii ni dharau kwa barabara, ni dharau kwa madaraja, ni dharau kwa kile kisima kinachochimbwa!"

Kisha akapata wazo, na Mungu atuepushe na mawazo ya mawaziri. Akaagiza picha kubwa ya Mlezi Mkuu ibandikwe kushoto kwa kila tangazo. Sasa kijana wa nne akawa anamwangalia Mlezi Mkuu. Nchi ikatulia, wakapeana nishani. Mimi nikafua shati lake jeupe nikalitundika mlangoni, nikijua anarudi.

Utulivu haukudumu. Siku ya pili yake mtoto wa shule, mbele ya mwalimu na mkaguzi, akauliza, "Mwalimu, kwa nini yule anamcheka Mlezi Mkuu?"

Weee! Kabla adhuhuri haijaadhiniwa matangazo yote yalikuwa yameshabanduliwa, mengine pamoja na plasta. Mkaguzi alialikwa. Mwalimu alialikwa. Redioni wakapiga nyimbo za maombolezo bila kusema nani amekufa.

Ikaamuliwa picha ipigwe upya. Mfaume yule yule, pekosi ile ile, macho yale yale ya mapenzi, yakimwelekea Mlezi Mkuu, ila bila meno. Na bado hawakumrudisha.

Siku moja Mheshimiwa Makambo akaja kwangu mwenyewe, na mkongojo na walinzi. Akakaa kwenye kigoda cha kutengenezea baiskeli, maana kiti hatuna kizuri.

"Mama," akasema, "mumeo ananipa taabu. Nimemvika, nimempaka dawa ya viatu kichwani ujana umrudie, nimemsimamisha mbele ya picha ya Mlezi Mkuu. Anaiangalia kama mtu anayeangalia ukuta! Wataalamu wamemshauri kwa namna mbalimbali."

"Namna gani, mheshimiwa?"

"Namna mbalimbali," akasema, akatazama kucha zake. "Sikukuu ya Mlezi inakaribia. Macho yasipotoka, itabidi tumweke kuwa mgeni wetu wa kudumu. Nimekuja kuchukua nguo zake zingine."

Akanyoosha mkono akalitwaa lile shati jeupe mlangoni.

Marehemu mama alikuwa akiniusia, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Maisha yangu yote nimeyaendesha kwa methali hiyo, na nyumba yangu ilikuwa na kicheko kweli. Lakini nilipoliona shati lile kwenye kwapa la yule mzee, midomo yangu ikafunguka yenyewe.

"Alikuwa ananiangalia mimi."

"Nani?"

"Mfaume. Siku ya picha. Alikuwa ananiangalia mimi."

Akanipima kuanzia kilemba cha kanga mpaka kandambili. "Wewe una cheo gani?"

"Sina, mheshimiwa."

"Una watu nyuma yako?"

"Nyuma yangu kulikuwa na choo cha kiwanda."

"Kushoto kule ulikuwa unafanya nini?"

"Nilishika bati."

Mlinzi mmoja akakohoa. Macho yakamtembea Mheshimiwa Makambo, nikaona anavyowahesabu wale wote aliokwisha kuwaalika kwa ajili ya swali hilo. Kisha akainuka.

"Bati lenyewe lipo?"

Lipo. Tunazibia dirisha la jikoni.

"Ling'oe," akasema. "Ingia garini."

Nilimkuta Mfaume kwenye ukumbi wa kiwanda, chini ya taa kali. Pekosi haikufunga kiunoni, walimkaza kwa mpira wa baiskeli. Dawa ya viatu ilikuwa inamchuruzika shingoni. Chupa aliishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mfukoni, na hakuna aliyemwambia autoe. Pembeni yake waliwekwa vijana watatu wapya, watoto wa wakubwa, wanazikodolea macho chupa zao vizuri sana.

Mimi nilisimamishwa nyuma ya picha kubwa ya Mlezi Mkuu, kichwa changu kikachomoza juu ya nywele zake. Bati mkononi. Wale wapole wawili wakasimama huku na huku, mmoja amenishika kiwiko.

"Mzee!" akaita Mheshimiwa. "Tumekuletea kitu chako. Angalia!"

Mfaume alikuwa ameinamisha kichwa. Akakiinua polepole.

Nilijitahidi, jamani. Nilisema moyoni, Siwema, cheka, cheka kama siku ile ya chumvi, akikuona unacheka na yeye atacheka mtakwenda nyumbani. Midomo ikanikatalia. Bati lilitetemeka, mwanga ukacheza usoni mwake kama zamani, ila kicheko hakikuja.

Akaniona. Akauona na ule mkono ulionishika kiwiko. Aliwaambia siku zote hizo hakuna kitu, aliwaambia kwa kila namna waliyomwuliza, na sasa kitu chenyewe hiki hapa, kimeletwa, kimesimama mikononi mwao. Macho yakamtoka. Yakajaa maji na hayakupepesa. Mdomo ukaachama kidogo, hata jino moja halikuonekana. Sijawahi kumwona mtu ameogopa vile, na alikuwa ananiogopea mimi.

Mpiga picha akabonyeza.

Mheshimiwa Makambo alipoletewa picha alivua miwani akajifuta machozi. "Hayo!" akasema. "Hayo ndiyo macho! Hivyo hasa ndivyo Mlezi Mkuu anavyotazamwa na wote wanaompenda. Hata mimi asubuhi nikinyoa nayaona kwenye kioo!"

Ikapelekwa Kasri. Tukaambiwa Mlezi Mkuu aliitazama kwa muda mrefu, akasema kwa sauti ya huzuni, "Huyu ananipenda kweli."

Sasa tangazo hilo liko kila mahali, mtaliona mkija. Mashuleni watoto wanafundishwa kutazama vile, kuna mtihani wake. Chereko inanunuliwa sana, maana kando ya kila genge kuna askari anayehesabu vizibo. Vijana wamerudi kwenye mabango na hawageuzi shingo tena. Wanasimama wima, chupa kifuani, macho yamewatoka, wanamwangalia Mlezi Mkuu, na Waziri anasema taifa halijawahi kuwa na ujana mzuri kama huu.

Mfaume alirudishwa na shati lake. Anatengeneza baiskeli kwa mkono wa kushoto. Anakula, na akimaliza anaosha bakuli. Nikimsemesha anajibu. Ila nikipita mbele yake anainama kutafuta spana, na spana iko mapajani mwake.

Juzi nilishindwa kuvumilia. Asubuhi jua lilikuwa kali, amekaa kibarazani anaziba pancha. Nikalichomoa lile bati dirishani. Nikatia chumvi nyingi kwenye chai yake, nikampelekea, nikakimbilia uwanjani, upande wake wa kushoto, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikajificha nyuma ya bati nikingoja. Akapiga funda. Nikakinga jua nikalimimina usoni mwake, nikalichezesha, nikacheka, safari hii nilicheka kweli.

"Baba Semeni! Huku! Niangalie!"

Alikuwa ameimeza ile chai bila kukunja uso. Akainua mkono wake mzima akajiziba macho.

"Nilikuwa siangalii kitu," akasema. "Wallahi, nilikuwa siangalii kitu."